Bluzi ya Memphis: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimekaa Memphis mwaka wa saba sasa, kazi yangu ya usiku kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na tangu nianze kutuma vivideo vya Beale Street kwenye magrupu ya ndugu na marafiki maswali hayaishi, yule yule anauliza Jumatatu alafu mwenzake anauliza Alhamisi swali lile lile. Basi nimekaa nimeyajibu yote hapa kwa pamoja. Mengine nimejibu kwa kirefu sana maana yananigusa, mengine mafupi.

Memphis si iko Misri?

Iko Misri ile ya kale, mji wa mafarao pembezoni mwa mto Nile. Hii ya huku iko jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, na waliouanzisha mwaka 1819 waliupa jina lile kwasababu na wenyewe uko juu ya kingo za mto mkubwa, Mississippi. Ukisimama ukingoni ng'ambo unaiona Arkansas, na ukiendesha gari kidogo tu kwenda kusini umeshaingia jimbo la Mississippi. Shika hiyo jiografia maana ndo jibu la nusu ya maswali yanayofuata.

Bluzi si zile nyimbo za taratibu za kucheza mmeshikana?

Hapana, na nakuelewa kabisa, kwetu ukisema "sasa tunapiga bluzi" watu wanatafuta wapenzi wao na taa zinapunguzwa. Ile ni maana tuliyoipa sisi kwenye madisko. Bluzi yenyewe ni mziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa waliokua watumwa, walioulea kwenye mashamba ya pamba, kwenye kambi za kujenga reli na kingo za mto, na kwenye vibanda vya pombe siku ya Jumamosi. Kuna bluzi ya kasi mpaka unaruka, na kuna ya polepole. Alafu sio lazima iwe ya huzuni, nyingi zina matani makali, zina mafumbo ya mapenzi ambayo mtu wa pwani akitafsiriwa anacheka kabla hujamaliza, kama tu sisi na khanga.

Inapigwaje? Nikiisikia ntaijuaje?

Umbo lake la kawaida ni mistari mitatu. Unaimba mstari, unaurudia, alafu wa tatu ndo unamaliza kisa. Ngoja nikutungie kwa Kiswahili:

Nimeamka alfajiri, mwenye nyumba yuko mlangoni,
Nasema nimeamka alfajiri, mwenye nyumba yuko mlangoni,
Kaja na daftari lake, mimi sina hata mia mfukoni.

Unaona ule mstari wa pili? Unampa muimbaji mda wa kufikiria wa tatu, na unampa msikilizaji mda wa kusubiri. Kila mstari unachukua vipande vinne vya mapigo manne manne, kwahiyo ubeti mzima ni vipande 12, na gitaa linazunguka kwenye kodi tatu tu (kodi za mziki, yani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Ila sauti haijazi mstari wote, inaimba nusu ya kwanza alafu inanyamaza na gitaa linajibu. Ni kuitikiana, mtu na chombo chake. Na zile noti zenyewe hazikai pale piano inapozitaka, zinavutwa chini kidogo, mtu anausukuma waya kwa kidole mpaka noti inalia, au anavaa kidoleni kipande cha shingo ya chupa na kukitelezesha juu ya waya. Wengine walitumia kisu.

Wengi walijifunza bila gitaa. Unachukua waya wa kufungia ufagio, unaupigilia misumari miwili ukutani kwa nyumba ya mbao, unachomeka chupa chini yake ili ukaze, basi una ala ya waya mmoja na ukuta wote unaimba. Nimejaribu kwenye kibanda nyuma ya nyumba ninayopanga. Jirani alitoka nje kuangalia, alafu akaingia ndani akarudi na chupa yake ya bia tupu ambayo alisema ni nene zaidi na itatoa sauti nzuri, na kweli.

Kwanini Memphis na sio mji mwingine?

Kwasababu ya pamba. Pamba nyingi ya ile bonde la chini, wanaloliita Delta, ilikua inaletwa Memphis kuuzwa na kupakiwa kwenye meli, na watu wakaifuata. Kule mashambani mweusi alikua analima kwa kugawana mazao na mwenye ardhi, mwisho wa msimu daftari linafunguliwa na anaambiwa bado anadaiwa. Mbegu kakopa, nyumbu kakopa, unga kakopa kwenye duka la bwana yule yule. Mtu akichoka anapanda treni au anadandia lori usiku anakuja Memphis, mji mkubwa wa kwanza, na mtu wa namna hiyo akiwa na gitaa mgongoni ndo bluzi yenyewe imefika mjini.

Na mimi naomba uingie na wazo moja ambalo limenisaidia sana kuuelewa mji huu: kila ukisikia jina la mwanamziki wa Memphis, uliza mchana alikua anafanya kazi gani, na ule wimbo wake hela yake ilienda wapi.

Beale Street ni nini hasa?

Ni barabara inayoshuka mpaka mtoni. Mwaka 1878 homa ya manjano iliua zaidi ya watu 5,000 Memphis, matajiri walikimbia, mji ulifilisika mpaka ukanyang'anywa hadhi ya kuwa mji. Robert Church, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, hakukimbia, alinunua ardhi na nyumba kwa bei ya kutupa na akawa tajiri mkubwa mweusi wa kusini. Mwaka 1899 akafungua bustani na ukumbi pale Beale, kwasababu bustani za mji watu weusi walikua hawaruhusiwi. Baadae, 1906, akafungua na benki.

Kwahiyo ukiambiwa Beale ilikua mtaa wa kamari na vileo na visu, ni kweli, ila ni nusu. Kulikua na madaktari wa meno, mawakili, mastudio ya picha, maduka ya rehani, makanisa. Ida B. Wells, yule mama mwandishi aliyepigana na mauaji ya watu weusi kwa kamba, gazeti lake lilikua linatolewa kwenye kanisa la Beale, mpaka mwaka 1892 wabaya wakaiharibu ofisi yake na yeye hakuweza kurudi tena mjini. Ulikua mtaa ambao mtu mweusi wa shamba la pamba anakuja Jumamosi na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hamuamkii mtu kwa woga.

W.C. Handy ndo aliyebuni bluzi? Mbona anaitwa baba yake?

Hakuibuni, na mwenyewe hakuficha. Handy alikua mwanamziki msomi, anaandika noti, anaongoza bendi ya matarumbeta, mzaliwa wa Alabama 1873. Kama mwaka 1903 hivi alikua anasubiri treni stesheni ya Tutwiler, Mississippi, treni imechelewa, usingizi umemshika, anaamshwa na sauti ya mtu mwenye nguo zilizochakaa aliyekaa pembeni yake anapiga gitaa kwa kubonyeza kisu kwenye waya, anaimba mstari mmoja mara tatu kuhusu mahali reli mbili zinapokutana. Handy anasimulia kwamba hajawahi kusikia mziki wa ajabu kama ule. Jina la yule mtu halijulikani mpaka leo na mimi hilo linaniuma, maana sanamu iliyopo Beale ni ya aliyesikiliza.

Lakini Handy kazi yake ni kubwa, tusimuonee. Alihamia Memphis, mwaka 1909 akatunga mziki wa kampeni wa Edward Crump aliyekua anagombea umeya, na mwaka 1912 akautoa kwenye karatasi za noti kwa jina la "The Memphis Blues". Akaambiwa hauuziki, akauza haki zote kwa dola 50. Wimbo ukaenda nchi nzima, na yeye alisubiri mpaka 1940 ndo haki zikamrudia. Somo alilishika mapema lakini, akafungua kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha noti, kitu ambacho mweusi wa wakati ule alikua hafikiriwi. Nyumba yake ndogo ya mbao imehamishiwa Beale, ukiingia utashangaa watoto wake wote walilala wapi.

Nimesikia kuna bendi za mitungi, ni kweli wanapiga mtungi?

Kweli tupu! Mtungi wa udongo uliochomwa, ule uliokua unabebea pombe kali. Hugusi kwa midomo, unauweka karibu na mdomo alafu unatetemesha midomo kama mtu anapiga tarumbeta na hewa ya ndani inaitika kwa sauti nzito, inakua ndo besi yako. Pembeni kuna harmonika, gitaa, ubao wa kufulia nguo unaokwaruzwa, na beseni la kufulia lililogeuzwa juu chini likafungwa kamba na mpini wa ufagio. Hela ya kununua besi hamna, basi vyombo vya nyumbani vinafanya kazi.

Memphis Jug Band ya Will Shade ilirekodiwa na kampuni ya Victor hapa hapa mjini Februari 1927. Na hapa kuna kitu nikikiwaza nafurahi: Victor na HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza, walikua wanatumia picha ile ile ya mbwa anayesikiliza bomba la santuri, na HMV ndo waliomrekodi Siti binti Saad wetu kule Bombay mwaka 1928. Mwaka mmoja tu tofauti! Mtu wa Memphis na mtu wa Unguja kila mmoja anaweka sahani yenye mbwa yule yule na anasikia watu wa mtaani kwake.

Mwingine ni Gus Cannon, mpiga banjo. Bendi yake ilirekodi "Walk Right In" mwaka 1929, mambo yakaishia hapo, akaendelea na vibarua vya kukata majani kwenye nyumba za watu. Mwaka 1963 vijana fulani wa kizungu wakaurudia wimbo na ukawa namba 1 Marekani nzima. Wakati huo mzee Cannon ana karibu miaka 80 na banjo yake alikua ameiweka rehani apate hela ya makaa ya kuotea moto wakati wa baridi. Baadae alipata kitu kidogo na akarekodi albamu nyingine. Nikifikia hapo huwa nasimama kwanza.

Na Furry Lewis. Huyu mguu mmoja ulikatwa na treni alipokua kijana anadandia, akatembea na mguu wa bandia maisha yake yote. Alirekodi miaka ya 1920, soko likafa na mdororo wa uchumi, na yeye akabaki na kazi yake ya kufagia barabara za manispaa. Miaka zaidi ya 40! Mpaka akastaafu 1966. Mtaa ambao leo watalii wanakuja kupiga picha, alikua anaufagia yeye kabla jua halijachomoza, na waliomwona wengi hawakujua kama ni mwanamziki aliyewahi kuwa kwenye sahani. Alikuja kutafutwa tena mwaka 1959, na uzeeni akapanda jukwaani kuwafungulia Rolling Stones, bendi kubwa ya Uingereza, walipokuja Memphis 1975. Akafariki 1981.

Wanawake je? Au ni wanaume tu na magitaa yao?

Memphis Minnie. Jina lake Lizzie Douglas, alizaliwa 1897, alitoroka nyumbani binti mdogo akaja kupiga gitaa kwenye kona za Beale. Alikua anapiga gitaa kuliko wanaume wengi, na sisemi kwa upole wa "kwa mwanamke anajitahidi", nasema kuliko. Alianza kurekodi 1929, akahamia Chicago, miaka ya 1940 mwanzoni ameshashika gitaa la umeme wakati wengi bado wanaliogopa. Alirudi Memphis uzeeni, kiharusi kikamshika, akafariki 1973 hana kitu. Kaburi lake liko Walls, Mississippi, karibu sana na hapa, na jiwe liliwekwa 1996, alilipia mwanamziki Bonnie Raitt. Miaka 23 bila jiwe.

Pia Alberta Hunter, mzaliwa wa Memphis 1895, ambaye katikati ya maisha aliacha mziki akafanya unesi miaka 20 alafu akarudi jukwaani akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Msikilize.

B.B. King ni wa Memphis au Mississippi?

Kuzaliwa Mississippi 1925, dereva wa trekta kwenye shamba la pamba. Kuwa B.B. ni Memphis. Alikuja mara ya kwanza 1946 akakaa kwa ndugu yake Bukka White, mwanamziki mkubwa na yeye, akarudi nyumbani kulipa madeni, akaja tena 1948. Ukumbi wa Palace pale Beale ulikua na usiku wa wanaojaribu, ukipanda tu unapewa dola 1, na B.B. alikua anaenda wiki hadi wiki kuifuata ile dola. Mtangazaji wa shoo hiyo alikua Rufus Thomas, na Rufus mwenyewe mchana alikua anahudumia maboila kwenye kiwanda cha nguo, aliifanya kazi ile zaidi ya miaka 20, hata alipokua na nyimbo redioni bado kesho asubuhi yuko kiwandani.

Redio ndo kitu. WDIA ilianza 1947 kama redio ya kawaida ya wazungu, haina wasikilizaji, inaelekea kufa. Oktoba 1948 wakamweka hewani Nat D. Williams, mwalimu wa historia wa sekondari, mtangazaji mweusi wa kwanza hapa Memphis. Simu za matusi zilipigwa, ila barua za shukrani zilikua nyingi zaidi, na mwaka uliofuata redio yote ikawa ya watu weusi, ya kwanza Marekani kufanya hivyo. Mwaka 1954 ikapata nguvu ya wati 50,000 na kule mashambani watu wakawa wanaisikia kutwa.

B.B. aliingia pale akiwa amelowa mvua na gitaa lake, akapewa dakika 10 kwa siku za kuimba tangazo la dawa inayoitwa Pepticon. Mshahara hamna, ila anaruhusiwa kusema usiku huu napiga wapi, na hilo ndo lilikua malipo. Wakamwita Beale Street Blues Boy, likafupishwa Blues Boy, likabaki B.B. Mwishoni mwa 1951 akatoa "Three O'Clock Blues", ikashika namba 1 kwenye chati za watu weusi mwaka 1952, na kuanzia hapo mtu huyu hakukaa nyumbani tena, mwaka 1956 peke yake alipiga maonyesho 342.

Na ile habari ya Lucille, gitaa lake, mnayoulizaga: alikua anapiga kijijini Twist, Arkansas, baridi kali, wamewasha mafuta ya taa kwenye pipa katikati ya ukumbi wa mbao wapate joto. Wanaume wawili wakagombana, pipa likapinduka, moto. Wote wakatoka mbio, B.B. akakumbuka gitaa lake la bei ya chini, akarudi ndani akalitoa na nusura afe. Kesho yake akaambiwa waliokua wanagombana walikua wanamgombea mwanamke anayeitwa Lucille, basi gitaa akalipa jina hilo, na kila gitaa lililofuata, ili lisimruhusu kufanya ujinga ule tena. Alipofariki Mei 2015 mwili wake ulipitishwa Beale Street kabla ya kupelekwa Mississippi, ukifuatwa na matarumbeta.

Elvis aliiba bluzi?

Hili swali linaletaga ugomvi, mimi ntasema ninavyoona. Sam Phillips alifungua studio ndogo 706 Union Avenue Januari 1950, chumba kimoja, anarekodi chochote mpaka harusi na misiba ili alipe kodi, lakini kiu yake ilikua kurekodi weusi waliokua hawana pa kurekodia. Howlin' Wolf alianzia hapo, sauti kama lori linapanda mlima. "Rocket 88" ilirekodiwa hapo Machi 1951, bendi ya Ike Turner, spika ya gitaa ilianguka njiani ikapasuka, Phillips akajaza makaratasi ndani, na ule mkwaruzo uliotoka ndo watu wakaja kuupenda dunia nzima.

Elvis Presley, mzungu, alianza kurekodiwa na Phillips 1954, maskini, dereva wa lori, kijana aliyekua anazurura Beale na kuisikiliza WDIA. Wimbo wake wa kwanza ulikua wa Arthur Crudup, aliyeurekodi 1946. Kijana aliupenda kweli ule mziki, sina shaka. Tatizo ni kwamba Crudup alifariki 1974 akiwa anafanya vibarua vya shambani na mirabaha yake hajalipwa, wakati mkataba wa Elvis ulishauzwa 1955 kwa dola 35,000. Kwahiyo mimi nikiulizwa nani aliiba siangalii jukwaani, naangalia kwenye mikataba. Na baada ya Elvis kufanikiwa, Phillips akawekeza nguvu kwa wazungu, weusi walioijenga ile studio wakaenda Chicago na kwingineko.

Stax na bluzi vinahusiana nini? Si soul ile?

Soul ni bluzi iliyopita kanisani, kifupi, na Stax ni kampuni ya kurekodi mziki ya hapa hapa Memphis. Jim Stewart na dada yake Estelle Axton walikodi jumba la sinema la zamani barabara ya McLemore mwaka 1960, sakafu imeinama kama ilivyokua ya sinema na hawakuinyoosha, ndo maana sauti zao zina ule uzito. Dada mtu akafungua duka la santuri mbele, watoto wa mtaa wanaingia kusikiliza, wengine wanaishia studio nyuma. Bendi ya nyumbani ilichanganya weusi na weupe kwenye mji ambao wasingeruhusiwa kukaa meza moja hotelini. Albert King alirekodi bluzi zake kubwa pale, anashika gitaa kwa mkono wa kushoto, nyaya zimegeuka juu chini.

Alafu yakaja yale yale: mwaka 1968 wakagundua kwamba mkataba waliosaini na kampuni kubwa iliyokua inawasambazia ulikua unaipa hiyo kampuni rekodi zao zote za nyuma, Stewart hakuusoma vizuri. Stax ikafilisika 1975, jengo likabomolewa 1989. Jumba la makumbusho lililopo sasa lilijengwa upya pale pale, likafunguliwa 2003, na pembeni yake kuna shule ya mziki ya watoto wa mtaa ule.

Kifo cha Martin Luther King kinahusiana vipi na mziki wa mji?

Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijificha mvua nyuma ya gari la taka, mtambo ukawasha wenyewe ukawasaga. Siku chache baadae wazoa taka 1,300 wakagoma. Mabango yao yaliandikwa kwamba mimi ni mwanaume, na sisi wa Afrika Mashariki tunalielewa hilo bila maelezo, maana walikua wanaitwa "boi" hata mtu ana wajukuu, neno lile lile ambalo babu zetu waliitwa na wakoloni. Wafanyakazi wale walikua ni idara gani? Ni wale wale wa usafi wa mji, watu wa aina ya Furry Lewis. Maandamano ya Machi 28, yaliyoongozwa na Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi, yalipita Beale Street yenyewe, vioo vikavunjwa, polisi wakamuua kijana wa miaka 16. King akarudi mjini, na Aprili 4 akapigwa risasi kwenye kibaraza cha Lorraine Motel, gesti ambayo wanamziki wa Stax weusi na weupe walikua wanakaa kutunga nyimbo kwasababu ilikua inawapokea wote.

Baada ya hapo Beale ikafa. Manispaa ikanunua na kubomoa mamia ya majengo kuzunguka pale kwa jina la kuboresha mji, wakazi wakahamishwa, mtaa ukabaki kuta za mbele tu zimeshikiliwa na vyuma. Ilifunguliwa tena 1983, ikiwa ni ya baa na watalii.

Kwahiyo Beale ya leo ni feki?

Wengi wanasema hivyo, mimi nilisema hivyo mwaka wa kwanza. Ni vitalu vitatu tu vya taa za rangi, usiku magari hayapiti, kila mlango una bendi. Ila wale wanaopiga mle ndani sio feki. Kuna mzee mmoja nimemkuta kwenye kilabu kidogo upande wa kaskazini mwa mji, mbali na watalii, saa saba usiku, meza zimefunikwa plastiki, watu wameleta keki ya birthday ya mama mmoja. Mchana anapiga vigae. Vidole vyake vina simenti kwenye kucha. Alipiga wimbo mmoja kama dakika 12, katikati akateremka jukwaani na waya mrefu akaenda mpaka mlangoni, akampigia mlinzi peke yake karibu na sikio, taratibu, mpaka ukumbi mzima ukanyamaza kujaribu kusikia. Na wiki hiyo hiyo nilimuona anapiga Beale kwa watalii, vile vile, hajapunguza kitu.

Kuna uhusiano wowote na Afrika yetu?

Upo. Septemba 1974 B.B. King alipiga Kinshasa kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman, uwanja mmoja na Franco, Tabu Ley, Miriam Makeba na James Brown. Pambano lenyewe likasogezwa mpaka Oktoba kwasababu Foreman alichanika jicho mazoezini, mziki ukaendelea kama ulivyopangwa. Itafute video, uangalie B.B. anavyovuja jasho na wasikilizaji wanavyomuangalia.

Nikija niende wapi? Na mimi sinywi pombe wala sili nguruwe.

Usijali. Mchana: studio ya Sun (ile ya Sam Phillips), Stax, nyumba ya Handy, na Lorraine ambayo ni makumbusho ya haki za raia tangu 1991, hiyo ipe nusu siku nzima. Duka la A. Schwab pale Beale lipo mtaani hapo tangu 1876, utakuta kila kitu. Usiku kwenye vilabu agiza soda, hakuna atakayekuuliza. Chakula, nyama choma ya hapa ni mbavu za nguruwe karibu kila kona, kwahiyo uliza kabla, wengi wana kuku na kambale wa kukaanga, na kambale wa hapa mtamu sana, anakolezwa unga wa mahindi. Ukiwa na gari shuka barabara ya 61 mpaka Clarksdale, kama kilomita 120, uone mashamba yenyewe.

Jumapili nenda kanisa la Al Green, aliyerekodi nyimbo zake kubwa hapa Memphis na akalinunua kanisa 1976. Wageni wanakaribishwa. Vaa vizuri, kaa ibada nzima, usitoke katikati kama wanavyofanya watalii, inaumiza kuona.

Wanapopitisha ndoo niweke shilingi ngapi?

Ndoo ya plastiki, wakati mwingine ya rangi ya ukuta, inapita kati ya meza au imekaa mbele ya jukwaa. Usidhani ni sadaka ya hiari juu ya mshahara, kwa wengi ile ndoo ndo sehemu kubwa ya mshahara wa usiku ule, na inagawanywa kwa watu wanne watano. Mimi naweka dola 5 nikifika na 5 nikiondoka, ukiomba wimbo weka 10 hata 20. Noti, sio sarafu. Na inuka uende mwenyewe mpaka mbele uweke, usimtume mtu, maana anayepiga ngoma anakuona na anakuinamishia kichwa, alafu unarudi kukaa.